Teke la bunduki: kutoka gobore la Biharamulo hadi risasi ya .22

Nilipokwenda JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, nilikuwa na kilo 47. Siku ya kulenga shabaha tulilazwa kifudifudi kwenye majani yenye umande, vibao vikiwa mbele yetu mita 100, nikapewa SAR. Ni ile bunduki ndefu yenye kitako cha mbao ambayo umeshaiona begani mwa askari polisi wa lindo.

Risasi ya kwanza ilikwenda nisikokujua. Ya pili vilevile. Kabla ya ya tatu, afande aliichukua bunduki, akaifungua, akaifunga, akanirudishia. Nikashusha pumzi, nikavuta kifyatulio. Ka! Kimya. Hakukuwa na risasi ndani. Lakini mtutu ulikuwa umeshainama kama shingo ya kuku aliyenyeshewa, na bega langu lilikuwa limeruka nyuma lenyewe. Wenzangu walicheka mpaka wakakohoa.

"Binti," afande akasema, "bunduki haijakupiga bado, wewe umeshaumia."

Nimeikumbuka kauli hiyo miaka yote hii, na safari hii nimeamua kuifuatilia kihistoria. Kuna swali ambalo mtu anayeanza mchezo wa kulenga shabaha huulizwa mapema: utumie risasi gani ambayo haikupigi teke kali? Linaonekana swali la dukani tu, kama kuchagua viatu. Kumbe kwa watu wa kwetu, yaani Ngara na Biharamulo, jibu lake limewahi kuamuliwa na mikataba ya Ulaya, na meli iliyokwepa manowari, na vita. Twende taratibu.

Kwanza fizikia kidogo, haitauma. Baruti ikiungua ndani ya ganda, gesi yake inasukuma kichwa cha risasi kwenda mbele na bunduki kuja nyuma. Ni kanuni ya tatu ya Newton uliyokaririshwa kidato cha pili. Ukali wa teke unategemea uzito wa kichwa cha risasi, kasi yake, gesi inayotoka nyuma yake, na uzito wa bunduki yenyewe. Bunduki nzito inarudi polepole. Nyepesi inakuja na hasira.

Nimepiga hesabu za makadirio, nikazigeuza ziwe kitu unachokijua: pakiti ya sukari ya kilo 1 ikiangukia bega lako. Risasi ndogo ya .22, yenye kichwa cha gramu 2.6 hivi, katika bunduki ya kilo 3, ni kama pakiti hiyo imeanguka kutoka sentimita moja na nusu. SAR niliyopewa mimi, risasi yake ni 7.62×39, ni kama sentimita 80. Bunduki ya Kiingereza ya .303 ni karibu mita 1.7. Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1871, yenye kichwa cha gramu 25, inapita mita 2. Na ile mitutu miwili ya .577 waliyobeba wawindaji wa tembo inafika mita 11. Ghorofa ya tatu, ndugu yangu.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Kichwa cha risasi kinatoka kwenye mtutu ndani ya sehemu kama moja au mbili za elfu za sekunde. Katika muda huo bunduki imesogea milimita chache tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya teke unaihisi risasi ikiwa imeshaondoka. Kinachoharibu shabaha ya mwanafunzi ni hofu ya teke inayokuja mbele yake: macho yanafumba, bega linajikaza, kidole kinapora kifyatulio badala ya kukibana. Na ukishajifunza kuogopa, mwili hausahau upesi. Ndiyo maana risasi ya kuanzia ina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Babu yangu wa Biharamulo, baba yake mama, hakuwa na nafasi ya kuchagua. Alikuwa na gobore. Kama hujawahi kuliona, ni bunduki ya kushindiliwa kwa mbele: unamwaga baruti nyeusi mtutuni, unashindilia kitambaa, unatia vipande vya chuma, unashindilia tena. Babu alipima baruti kwa kiganja. Siku kiganja kikiwa na ukarimu, gobore lilimlaza chini. Alikuwa na kovu shavuni, na sikio la kulia lilikuwa kama pambo tu. Alilitumia kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori, na alituambia kwa uwazi kabisa kwamba alikuwa analenga akiwa amefumba macho. "Nguruwe anakimbia kelele," alisema, "siyo mimi."

Hesabu ya teke la gobore siwezi kukupa, maana kila upigaji una kiganja chake.

Kwa nini bado gobore, wakati dunia ilishahama? Bunduki za kushindilia ziliingia huku na misafara ya pembe za ndovu. Mwaka 1861 John Hanning Speke alipita Usui, eneo la Rusubi ambalo leo ni upande huu wa Biharamulo, akiwa na Wangwana wenye bunduki wakiongozwa na Sidi Mubarak Bombay. Mtemi Suwarora alimkwamisha hapo kwa madai ya hongo kabla hajamruhusu kwenda kwa Rumanyika wa Karagwe. Nchi yenyewe ilikuwa na wahunzi hodari, Warongo wa Uzinza, ambao majembe yao yaliuzwa mbali. Chuma hakikuwa kigeni kwao, na fundi anayejua moto anaweza kulihudumia gobore kizazi hadi kizazi.

Halafu ikaja karatasi. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, na pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa, yakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa kuingia Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Kilichoachwa kiuzwe kwa Waafrika kilikuwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Soma tena hapo. Ni wakati huohuo ambapo Ulaya ilikuwa inaondokana na baruti nyeusi. Paul Vieille wa Ufaransa alikuwa ameshatengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel ya milimita 8. Baruti mpya ilikuwa na nguvu zaidi kwa uzito mdogo, kwa hiyo kichwa cha risasi kiliweza kupungua kutoka milimita 11 hadi 8, 7, hata 6.5, na bado kikafika mbali kuliko zamani. Teke likapungua pamoja nacho. Mkataba wa Brussels ulitaka kuzuia vita na utumwa, sawa. Lakini pia uligawa mateke: bega la Mzungu likapewa risasi mpya, la babu wa babu yangu likabaki na gobore.

Hata askari waliovaa sare ya Mjerumani walionja ugawaji huo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani bado zilikuwa na Mauser ya 1871, milimita 11, baruti ya moshi. Ukipiga, wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chako na kila mtu anajua ulipo. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, aliliona tatizo hilo vizuri. Bunduki bora zilipatikana kidogokidogo: nyingine zilitekwa Tanga Novemba 1914, nyingine zililetwa na meli ya Rubens, ambayo Aprili 1915 ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikifukuzwa na Waingereza, ikazamia maji mafupi. Shehena iliopolewa, risasi zikaanikwa na kukaushwa. Katikati ya 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Biharamulo. Boma la Wajerumani pale bado limesimama. Ukipita, simama utazame unene wa kuta zake.

Tuondoke Kagera kidogo, twende kaskazini mashariki mwa Uganda, Karamoja. Huko ndiko alikotamba Mskoti mmoja, W.D.M. Bell, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Namleta hapa kwa sababu ni mtu maarufu kuliko wote Afrika Mashariki aliyechagua risasi ndogo kwa makusudi. Wenzake waliamini tembo anahitaji mzinga. Bell alichukua .275 Rigby, ambayo ni jina la Kiingereza la 7×57 Mauser, risasi ya kijeshi ya kawaida. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande. Hoja yake ilikuwa nyepesi: risasi ndogo iliyofika mahali pake inashinda kubwa iliyopita kando, na mtu asiyeogopa bunduki yake ndiye anayeifikisha mahali pake. Kwa hesabu zangu za sukari, teke lake lilikuwa mita 1.7 dhidi ya mita 11 za wenzake.

Aliua tembo 1,011. Simsifu hata kidogo. Ukitembea leo Burigi ukatafuta tembo ndipo utajua namba hiyo maana yake nini. Na kanuni za uwindaji za Tanzania hazimfuati: kwa wanyama hatari kama tembo na nyati zinataka .375 kwenda juu, kwa sababu si kila mwindaji ana mkono wa Bell, na mnyama aliyejeruhiwa ndiye anayelipa tofauti hiyo. Lakini kwa kibao cha karatasi, ambacho hakiteseki, hoja yake inasimama wima.

Risasi hiyohiyo ya 7×57 ndiyo ilifungua mlango wa mchezo ninaouzungumzia. Makaburu walipopigana na Waingereza Afrika Kusini kati ya 1899 na 1902, walikuwa na Mauser za 7×57, na wakulima wale walilenga vizuri kuliko askari waliofunzwa. Uingereza ilishtuka. Kuanzia 1901 vikaanzishwa vilabu vya kulenga shabaha kwa watu wa kawaida, Lord Roberts akivipigia debe, na bunduki iliyochaguliwa ilikuwa ya .22. Kwa nini? Risasi ya bei ndogo, kelele ndogo, uwanja mdogo unatosha, na karani wa mjini aliyekaa wiki nzima na kalamu anaweza kupiga risasi 50 Jumamosi asiumwe bega Jumapili.

Risasi yenyewe haikuzaliwa vitani, ilizaliwa sebuleni. Mfaransa Flobert, miaka ya 1840, alitengeneza vijirisasi vya milimita 6 vya kulengea ndani ya nyumba, wageni wakiwa wanakunywa mvinyo. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani wakatoa .22 fupi, na mwaka 1887 ikaja ile ndefu, inayotumika mpaka leo karibu bila kubadilika. Katika Olimpiki inapigwa kwa mita 50, na duara la katikati lina upana wa milimita 10.4 tu. Hapo hakuna nafasi ya kufumba macho. Mwaka 1976 Montreal, wakati wanaume na wanawake wakishindana pamoja, Margaret Murdock wa Marekani alilingana kwa alama na Lanny Bassham, akapewa fedha baada ya waamuzi kukagua vibao. Bassham alimvuta juu, wakasimama wote wawili kwenye ngazi ya dhahabu. Teke likiondoka, misuli ya bega haina tena kura ya turufu.

Ningependa hadithi iishie hapo. Haiishii, kwa sababu risasi laini ina mtoto wa pili.

Vita ya Pili ya Dunia ilionyesha majeshi kwamba askari wa kawaida hapigi mita 800. Anapiga mita 300, mara nyingi chini ya hapo, akiwa amechoka na ana hofu. Wajerumani wakafupisha ganda la risasi yao likawa 7.92×33; Wasovieti mwaka 1943 wakabuni 7.62×39. Nguvu ya kati, teke la kati. Kutoka hapo zikaja SKS, ambayo sisi tunaiita SAR, na AK, ambayo polisi wetu wanaiita SMG. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, Tanzania iliunda JWTZ upya, na bunduki za aina hii, nyingi za Kichina, zikaingia. Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, mgambo kwa maelfu waliitwa: wakulima, walimu, vijana wa kijiji waliofunzwa kwa muda mfupi. Mawazo yangu mimi ni kwamba kundi kama lile lisingefundishika kwa muda ule kwa Mauser ya milimita 11. Risasi inayosamehe ilisaidia kulifanya taifa la wakulima liwe jeshi.

Lakini risasi inayosamehe haichagui wa kumsamehe. Wakongo wanalo neno kadogo, na wewe unajua maana yake: watoto waliobeba bunduki kwenye vita ya 1996 na 1997 iliyomweka Laurent Kabila madarakani. Mtoto wa miaka 12 hawezi kutumia .577. SMG anaiweza.

Na Ngara ipo katikati ya hayo yote. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuja kulala Benaco. Nilikuwa sijazaliwa. Miaka niliyokua mimi, bunduki za vita zilikuwa zimezagaa ukanda mzima wa Maziwa Makuu, na ujambazi ulikuwa habari ya kila wiki; mabasi yalipita kwenye mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na polisi. Majirani walipenda kuwalaumu wakimbizi wote kwa jumla, jambo ambalo lilinikera hata nikiwa mdogo, maana wengi tuliowajua walikuwa wakulima waliotaka mbegu za maharage. Ila mlio tuliujua wote. Mama alikuwa akitulaza sakafuni, godoro mbele ya mlango, na alikuwa anahesabu: "Moja. Mbili. Ni SMG hiyo. Tulieni."

Kwa hiyo unaponiuliza kwa nini Ngara hakuna klabu ya kulenga shabaha, wakati tuna vilima vizuri vya kuzuia risasi na vijana wenye macho makali, sitaanza na bei ya vifaa.

Hata hivyo swali la mwanzo linadai jibu, nami nitalijibu kama ningemjibu mdogo wangu. Anza na bunduki ya upepo ya milimita 4.5, mita 10, teke ni karibu sifuri, nayo ni mchezo kamili wa Olimpiki. Kisha .22, na ukae hapo muda mrefu kuliko unavyotaka. Ukifika mahali unataka mita 100 au 200, tafuta .223, ambayo teke lake liko chini ya la SAR. Chagua bunduki yenye uzito, si ile nyepesi inayovutia dukani. Vaa kinga ya masikio hata kwa .22; babu yangu angekushauri hivyo kama angekusikia ulivyomuuliza. Ukiona mtutu unainama kabla ya mlio, rudi nyuma hatua moja, upige risasi 100 za .22 bila aibu. Na yote haya yafanyike mahali palipoidhinishwa, chini ya mkufunzi, kwa leseni: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina utani, na kwa historia niliyokusimulia naiona iko sahihi kutokuwa na utani.

Mimi nilirudi kulenga mara moja tu, mwaka jana, nikiwa nje ya nchi kwa utafiti. Chuo kilikuwa na klabu ya .22. Nililala kifudifudi, mkufunzi akanipa risasi kumi, moja moja, nami nilikuwa nasubiri teke ambalo halikuja. Ya kwanza niliipora. Ya nne nilikuwa nimeacha kukaza bega. Saba kati ya kumi ziliingia kwenye duara jeusi.

Nilipiga picha kile kikaratasi, nikamtumia mama kwa WhatsApp. Aliiangalia, tiki zikawa za bluu, akakaa kimya muda. Kisha akaandika: "Hongera mwanangu. Na hapo majirani walikimbilia wapi?"